Mtoto wa German Shepherd kutoka njia ya Pongwe: mabanda nyota tano, ukoo sifuri

Kwa mwenye haraka: mabanda ni masafi, chanjo ni za kweli, mwenyewe ni mstaarabu wa kukukaribisha chai, na mbwa anaowauza wamezalishwa ndugu kwa ndugu. Nampa nyota mbili kati ya tano. Jina lake silitaji, kwanza kwa kuwa tunaheshimiana, pili kwa kuwa haya nitakayoyaeleza utayakuta kwa wauzaji wengi tu kutoka huku Tanga hadi Dar, na ukimkimbia huyu utaangukia kwa mwenzake.

Mimi nafuga kuku wa mayai Mabokweni. Anayefuga kuku anajua: mchana unapambana na nguchiro, usiku unapambana na binadamu. Trei za mayai zilikuwa zinaondoka na mlinzi yupo. Mbwa koko tuliyekuwa naye alikuwa rafiki wa kila mtu, vibaka wakiwemo, hasa wakija na kichwa cha samaki. Ndipo nikaanza kuulizia mbwa wa maana.

Nyumbani kulikuwa na kikao kwanza. Sisi ni Wadigo, Waislamu, na mjomba wangu ni mtu wa msikitini. Mbwa wa ulinzi hakuwa na neno naye. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda anaruhusiwa, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kilichomkera ni bei. "Thamani ya mbwa imekatazwa, mwanangu. Ukipewa, sawa. Ukinunua, una kesi." Tukamalizana kwa kusema kwamba nitakacholipa ni chanjo, chakula na malezi ya wiki zile alizokaa kwa mwenyewe. Mjomba akaguna, akaendelea na kahawa yake.

Kwa mfugaji unaacha lami na kuingia ndani kidogo kwenye minazi. Niseme ukweli, pale pamepangika. Mabanda ya tofali, sakafu ya sementi inayoteremka ili maji yasituame, kivuli kila banda, maji ya kunywa yamebadilishwa asubuhi hiyo. Jikoni kwao kuna sufuria kubwa ya ugali wa dona uliochanganywa na dagaa na mapupu ya ng'ombe, na harufu yake ilinifanya nikumbuke sijala. Kupe sikumwona hata mmoja, na mimi niliwageuza masikio. Kadi ya chanjo ina stika iliyobanduliwa kwenye chupa, tarehe, muhuri na namba ya daktari wa mifugo. Nilimpigia, akathibitisha kuwa ni yeye aliyechanja parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa. Hili si dogo. Kuna watoto wa mbwa wanauzwa mjini ndani ya boksi la biskuti, kadi hakuna, na wiki inayofuata mtoto anaharisha damu na kufa. Chanjo ya kwanza peke yake haitoshi, inabidi irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto apite wiki 16, na ya kichaa cha mbwa isisahaulike. Mzee alinieleza yote hayo bila kuulizwa, na hapo anastahili sifa.

Bei: laki saba kwa "pyua" mwenye karatasi ya ukoo, laki nne kwa chotara. Kuna pia kopo la unga wa kalisiamu la elfu ishirini na tano, "wa kukaza mifupa", nitalirudia.

Sasa karatasi. Ilikuwa nzuri hasa, ngumu, ina muhuri wa rangi ya dhahabu na mistari inayogawanyika kama mti wa ukoo unaochorwa shuleni. Nikaanza kuisoma kwa kidole. Baba: Kaiser. Mama: Bella. Baba wa mama: Kaiser. Nikarudisha kidole juu, nikakishusha tena.

"Baba, huyu Kaiser wa juu na huyu wa chini ni majina tu yamefanana?"

"Ni huyo huyo, mwanangu," akajibu, tena kwa fahari. "Nilimtoa Nairobi kwa pesa nyingi. Damu nimeifunga, haijaingia ya nje."

Mimi kuku nawajua. Jogoo hapandi vifaranga wake mwenyewe vizazi na vizazi, utaona mayai yasiyoangulika na vifaranga dhaifu, ndiyo maana tunabadilishana majogoo na jirani. Kwa mbwa hesabu ni ile ile. Dume akimpanda binti yake, mtoto anakuwa na uwezekano wa asilimia 25, katika kila jambo analorithi, wa kupata nakala mbili zilizo sawa kabisa zilizotoka kwa mnyama mmoja. Watoto wa binamu kwa binamu ni asilimia 6.25 tu. Kila mbwa, hata awe mzuri vipi, amebeba kasoro zilizolala. Akiwa na nakala moja hazimsumbui, akipata mbili zinaamka. Kufunga damu maana yake ni kuzikutanisha kwa makusudi. Na karatasi yenye muhuri wa dhahabu haikudanganya hata kidogo: imesema nani kamzaa nani. Afya haimo ndani yake, na wala haikuahidi.

Mtoto nilimchukua. Ndiye dume pekee aliyebaki, wezi walikuwa hawasubiri, na mzee aliniambia mbele ya kijana wake, "Likitokea lolote, rudi." Tukamwita Kamanda.

Kamanda alikua vizuri, masikio yakasimama, sauti ikakomaa. Mayai yakaacha kupotea. Kisha nikaanza kuona kitu akikimbia: miguu ya nyuma miwili inaruka kwa pamoja, haipishani. Asubuhi akitaka kunyanyuka anatanguliza mabega, anakaa kidogo, ndipo anajivuta nyuma. Kijana wa bandani akawa anacheka kuwa mbwa ana uzee kabla ya ujana. Daktari wa mifugo alimlaza, akamkunja paja na kulifungua taratibu huku mkono mwingine uko juu ya nyonga, akaniambia niweke kiganja pale. Nikausikia mfupa unatoka mahali pake na kurudi. Mbwa alinigeuzia macho, hakulia.

Nyonga zake hazikukaa vizuri. Kichwa cha paja hakijatulia ndani ya kikombe chake, kinachezacheza, na mwisho wake ni baridi yabisi. German Shepherd ni katika mbegu zinazojulikana sana kwa hilo. Kwa picha ya eksirei ya uhakika nilielekezwa Dar au Morogoro. Operesheni ipo lakini gharama yake ni ya kununua kuku wa banda zima. Kwa sasa Kamanda halishwi kunenepa, haruki ukuta, anatembezwa kwenye mchanga wa ufukweni, na siku za maumivu anapewa dawa ya mbwa aliyoandika daktari. Nasema ya mbwa, kwa sababu najua watu wanaokimbilia ibuprofeni au diklofenaki za dukani. Hizo zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Msimpe.

Nilimpigia mfugaji. Shikamoo, marahaba, habari za kuku. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni malisho, mwanangu. Umemlisha vibaya." Nikamwambia nimemlisha alichonielekeza yeye, na lile kopo la kalisiamu nimelimaliza. Basi hapo ndipo penye kichekesho. Kwa mtoto wa mbwa wa umbo kubwa, kalisiamu ya kuzidisha haikazi mifupa, inaiharibu ingali inakua. Daktari alipoliona kopo aliniambia nilifukie. Ni kweli kwamba nyonga si urithi peke yake: mtoto anayenenepeshwa haraka anaumia zaidi, na sakafu inayoteleza haimsaidii. Lakini mlango unafunguliwa na wazazi. Ndiyo maana Marekani taasisi ya OFA imekuwa ikisoma picha za nyonga tangu 1966, na cheti cha kudumu haitoi mpaka mbwa atimize miezi 24. Ulaya wanazipanga kwa herufi, A ndiyo nzuri na E ndiyo mbovu kabisa. Nikamuuliza mzee kama Kaiser au Bella wamewahi kupigwa picha. "Mbwa anapigwa picha ya nini? Si unamwona anatembea!"

Ubaoni kwake kuna picha za mbwa wa maonyesho wa Ulaya, mgongo umeshuka nyuma hadi utadhani wanakaa kwenye kiti. Anazionyesha kama ndiyo kipimo. Ila aliyeianzisha mbegu hii, Kapteni Max von Stephanitz, alipomwandika mbwa wake Horand kuwa wa kwanza katika daftari mwaka 1899, alikuwa anatafuta mbwa wa kazi, wa kuchunga kondoo kutwa nzima. Ukitazama picha za mbwa wa wakati ule, mgongo umenyooka. Mwaka huo Wajerumani walikuwa wanatawala hapa Tanga na reli yao ilikuwa inasogea kuelekea Usambara. Lau wangetuletea wale wa mgongo ulionyooka na kutuachia, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Mgongo wa kuteremka umekuja na watu wa mashindano, miaka ya baadaye, kwa kupenda umbo.

Basi kuna wenzangu wataniambia: chukua chotara, chotara haugui. Mfugaji mwenyewe anasema hivyo akitaka kumaliza wale wa laki nne. Nilikuwa naamini hivyo hivyo, na kuna ukweli ndani yake: damu mbili zisizo na undugu zikikutana, kasoro nyingi zilizolala zinaendelea kulala. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Davis walipitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 kwa magonjwa 24 ya kurithi. Kumi yalikuwa mengi zaidi kwa mbwa wa ukoo, moja lilikuwa jingi zaidi kwa chotara, na 13 hayakuonyesha tofauti. Nyonga imo kwenye hayo 13. Chotara aliyezaliwa na Kaiser ni mtoto wa Kaiser, hata kama mama yake ni koko wa mtaani Duga. Na utafiti mwingine wa Uingereza uliotoka 2024, wa mbwa zaidi ya laki tano, ulikuta umri wa kati wa kuishi (nusu hufa kabla yake, nusu baada yake) kwa mbwa wa ukoo ni miaka 12.7 na kwa chotara 12.0. Siku hizi chotara wengi ni wa kupangwa, dume na jike wa fasheni wamekutanishwa makusudi, siyo wale wa mtaani waliochujwa na maisha.

Biashara hiyo imefika kwetu pia. Kwenye banda la mwisho mzee ana vijibwa vyeupe vya manyoya, mchanganyiko wa Japanese Spitz na Maltese, anavipa jina la kuunganisha na anaviuza ghali kuliko baba na mama wa kila kimoja. Alinieleza kuwa haviwaletei watu mzio. Mchezo huu ulianza na nia njema: Wally Conron wa Australia, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu, mwishoni mwa miaka ya 1980 alichanganya Labrador na Poodle kwa ajili ya mama mmoja kipofu wa Hawaii ambaye mumewe manyoya ya mbwa yalimdhuru. Katika wale watoto watatu, hata si wote waliofaa kwa mume yule. Baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kuwa anajutia, kwa vile kila mtu alianza kuchanganya chochote na chochote bila kuangalia magonjwa ya wazazi.

Jirani na vijibwa hivyo kuna Bulldog. Sijui niseme nini juu yake. Ilikuwa asubuhi, yuko kivulini, kalala, na alikuwa anakoroma akiwa macho. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili, anajipoza kwa kuhema, na huyu pua yake imebanwa usoni mpaka hewa inapita kwa kupiga filimbi. Na hiyo ni hewa ya Tanga kaskazi ikiwa haijaanza. Alipoamka kunywa maji hakuweza kunywa na kupumua kwa pamoja: anakunywa kidogo, anaacha, anavuta hewa, anarudi. Mzee akasema watu wa mtaa wa Raskazone wanampenda, wanapiga naye picha. Uholanzi hawaruhusu tena kuzalisha mbwa wa pua fupi kupita kiasi. Norwei kesi ya Bulldog na Cavalier, kijibwa cha masikio marefu, ilifika Mahakama Kuu ya mwisho, na mwaka 2023 kuzalisha Cavalier kulikatazwa kwa sababu ya magonjwa ya moyo na ya fuvu yaliyojaa katika ukoo wao. Bulldog akaachiwa, kwa masharti. Kwenye ule utafiti wa Uingereza, French Bulldog, binamu yake huyu, umri wake wa kati ni miaka 9.8. Na hao wanaishi kwenye baridi.

Nyota niliyomnyima kwa hasira zaidi ni ya Bella. Mama wa Kamanda ni mpole, alikuja kunusa mkono wangu kupitia nondo. Matiti yamening'inia, manyoya ya kiunoni yamepungua, naye ana mimba nyingine. Jike huingia joto takriban kila miezi sita, na kwa mzee kila joto ni mzao. Uingereza mfugaji mwenye leseni haruhusiwi kumzalisha jike zaidi ya mara moja katika miezi 12, na mtoto hauzwi kabla ya wiki nane. Kwa mzee wanaondoka wiki ya sita. Kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, lakini sijaona mtu akiigusa kwa habari ya banda la kuzalishia. Nilimgusia mzee habari ya kumpumzisha. Akanijibu kwa upole wake ule ule, "Kwani wewe kuku wako wanapumzika?" Jibu sikuwa nalo papo hapo. Sasa ninalo: kuku wangu hawazai na baba zao.

Jambo moja la wanunuzi wa huku pwani, kwa kuwa mfugaji halisemi. German Shepherd akipata ehrlichia, ugonjwa ule unaoletwa na kupe wa kahawia, anaugua vibaya kuliko mbwa wengi: damu puani, homa, anakonda mbele ya macho yako. Koko wetu amezoea vita hiyo. Na kama shamba lako ni upande wa Saadani, mbung'o nao wapo, na mbwa wa kigeni hawastahimili nagana, ugonjwa wanaoueneza. Ukimleta huyu, bajeti ya dawa ya kupe iwe ya mwaka mzima.

Mzee alitimiza ahadi yake kwa namna yake. Alinipigia mwenyewe, akasema Bella amezaa, nije nichague dume mwingine bure, nisimwone mtu mbaya. Nikamshukuru. Nikamuuliza baba ni nani. Akasema, "Si Kaiser huyo huyo!", kwa sauti ya kuniambia nimeuliza jambo la wazi. Mjomba nilipomsimulia alicheka hadi akaweka kikombe chini: safari hii nimepewa bure, halali kabisa, na sikuchukua.

Nyota mbili basi, ya usafi na ya chanjo. Ukienda, usiishie kwenye karatasi: omba kumwona mama akitembea na akinyanyuka kutoka chini, soma majina ya babu kwa kidole, uliza picha za nyonga hata kama utachekwa, na kopo la kalisiamu liache mezani. Mtoto achukuliwe akitimiza wiki nane, hata kwa kuacha kishika uchumba. Mzee anakubali, nimemuuliza. Ananiambia pia anafikiria kuleta dume mwingine kutoka Arusha asiye na undugu na Kaiser. Akimleta, na akimpiga picha, nitakuja kuongeza nyota. Geti linafungwa saa kumi na moja jioni, Ijumaa wanafungua baada ya sala.